Pini Zote Zilikwenda Haneti

Nyinyi vijana mnaosajili jina la mtandao mkiwa mmelala chali kitandani, simu kifuani, hebu kaeni kitako kidogo. Mimi ni Mwajuma, mzaliwa wa Busi kule Kondoa, mkazi wa Miyuji, mstaafu. Kazi iliyonizeesha ni kusajili majina hayo hayo, yale mnayoandika ili kufungua tovuti, enzi ambazo ukimtajia mtu wa Dodoma neno tovuti anakuuliza inaliwa na mboga gani.

Nimekaa kuandika kwa sababu ya mjukuu wangu Rehema. Anasoma mambo ya kompyuta chuoni hapa mjini, na juzi alikuja na ramani ya Tanzania ndani ya kompyuta yake. Kila jina lililosajiliwa nchini ni nukta nyekundu, imewekwa pale mwenye jina alipo. Dar es Salaam ilikuwa nyekundu kama imemwagikiwa rojo. Arusha nayo haikuwa haba. Akaanza kunifundisha nukta zile zinasomwaje, nami nikamwacha afundishe mpaka akachoka. Kisha nikamwambia, "Mama, ramani kama hiyo nusura inifukuzishe kazi."

Kabla ya mtandao nilikuwa karani wa barua. Halafu ikaja ile miaka ya mashirika kuuzwa na watu kupunguzwa. Siku moja tuliitwa ukumbini, kila mmoja akapewa soda na barua. Soda niliimaliza. Ile barua niliisoma nusu nikaikunja, na mpaka leo sijui mwisho wake ulikuwa unanitakia nini. Nilikuwa na watoto watatu na mume mwenye ushauri mwingi kuliko msaada. Nawaambia hili mapema ili mjue kwamba kupunguzwa mara ya pili nilikuwa nakuogopa kuliko chatu.

Nikapata kazi katika kampuni binafsi ya Dar es Salaam iliyofungua tawi Dodoma. Tawi lenyewe lilikuwa chumba kimoja, kompyuta moja, faksi moja, na mimi. Vumbi la Dodoma mnalijua. Kila nikimaliza kazi niliifunika kompyuta kwa kanga, mpaka shingoni. Wateja wakiingia wakiiona imelala vile walikuwa wanashusha sauti, na mama mmoja aliwahi kuniuliza, "Anaendeleaje?" Nikamjibu kwamba amekula kidogo.

Modemu ndiyo ilikuwa kichekesho kingine. Ni kile kidude kilichounganisha kompyuta na simu, na kabla ya kuunganisha kilikuwa kinalia vibaya sana. Kuna mfugaji mmoja, Mzee Chedego, alikuja siku ya kwanza na fimbo yake, akaketi, akasikiliza kilio kile mpaka mwisho. Akasema, "Binti, huyo mnamchinja vibaya. Kisu hakijanolewa."

Alikuwa amekuja kusajili jina la ng'ombe wake. Naam, ng'ombe. Alikuwa na dume kubwa aliloliita Bwanashauri, na alikuwa amesikia kuna jirani anataka kuliita dume lake jina hilo hilo. Mtu akamwambia kuna ofisi mjini, ukiandikisha jina pale hakuna mwingine Tanzania nzima anayeweza kulichukua. Nilijaribu kumweleza kwamba habari hizi ni za tovuti na si za mifugo. Akaniuliza, "Lakini hakuna mwingine atakayelichukua?" Nikasema hakuna. Akasema, "Basi andika."

Hapo ndipo nilipojifunza kuuza. Mtu wa Dodoma huwezi kumwambia kitu kuhusu tovuti, lakini kuhusu viwanja anakuelewa usiku na mchana. Tangu serikali iseme inahamia huku, kila mtu alikuwa na kiwanja, au anatafuta kiwanja, au ana kesi ya kiwanja. Nikaacha maneno ya kitaalamu. Nikawa nawaambia, hiki ni kiwanja, kipo hewani, hakina vumbi, na mtu wa Dar es Salaam asipowahiwa atakipima yeye. Wakaja wenye mashine za alizeti, wakulima wa zabibu, wenye saluni. Kwaya moja ilikuja kwa sababu kwaya nyingine ilikuja. Mzee mmoja alitaka cha kona.

Sasa sikilizeni vizuri, maana kosa lenyewe liko hapa.

Kila mwaka makao makuu Dar es Salaam walikuwa wanamtumia mwenye jina barua, barua ya karatasi kabisa, yenye stempu: je, bado unalitaka jina lako? Tia sahihi, rudisha. Usiporudisha, jina linafutwa. Mzee Chedego alipopata yake mara ya kwanza alikasirika siku tatu, akitaka kujua ni nani huko Dar mwenye ubavu wa kuuliza kama Bwanashauri bado anataka jina.

Kwa hiyo jina la mtandao lilikuwa linaishi au kufa kwa sanduku la posta. Na kuhusu masanduku, mimi niliyekuwa karani wa barua nilijiona profesa. Nilikuwa nayajua masanduku ya mjini: ufunguo umepotea, mwenye nalo kahamishiwa Songea, au sanduku moja linatumiwa na idara nzima na barua inasafiri meza kwa meza mpaka inafungiwa maandazi. Katika mkoa mzima kulikuwa na sanduku moja tu ambalo ningeweza kuliapia. Lilikuwa Haneti, kaskazini kwenye barabara ya Kondoa, na mwenye ufunguo alikuwa Mwalimu Ndahani, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, Mgogo mrefu mwembamba aliyevaa ufunguo huo shingoni kwa kamba ya katani.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Wanavijiji wengi hawakuwa na sanduku, wakawa wanapitishia barua zao kwa shule. Kila Ijumaa kabla ya kuwaachia watoto, Mwalimu Ndahani alipiga kengele, wanafunzi wakapanga mistari, yeye akasimama kwenye jiwe na kusoma majina ya barua. Mtoto wa nyumba ile au wa njia ile anaitika, anapokea, anaipeleka. Barua ya mbali anapewa mtoto aliye jirani na kondakta wa basi. Ijumaa inayofuata kila mtoto anasimama na kusema aliyempa ni nani na alikuwa anafanya nini alipompa. Barua haikuwahi kupotea pale. Hata mbuzi wangekula daftari la mahudhurio, barua zingefika.

Basi mimi, kwa utaalamu wangu, nikawa nawashauri wateja wote: andika sanduku la Mwalimu Ndahani. Wa Busi, andika Haneti. Wa Mpwapwa, andika Haneti. Wewe wa saluni hapa hapa Miyuji, mita chache kutoka mlangoni kwangu, andika Haneti, utanishukuru. Asiyekuwa na ndugu Haneti nilimtafutia mtoto wa kumpokelea. Kuna ofisa mmoja wa wizara, mtu wa Mwanza, nilimpangia msichana wa darasa la nne anayeitwa Sechelela. Mwisho wakazoeana, akawa anampelekea sweta za shule na kumuita mpwa wangu.

Nilijisifu sana moyoni. Kila mkoa ulikuwa unalalamika majina yanafutwa, kwangu hakuna hata moja lililofutwa.

Nisilolijua ni kwamba Dar es Salaam kulikuwa na ukuta, na ukutani kulikuwa na ramani. Mkuu wetu, Bwana Kimaro, alikuwa mtu wa suruali iliyonyooka na maamuzi yaliyonyooka zaidi. Kwa kila jina alichomeka pini, na pini aliichomeka pale sanduku la posta lilipo. Dodoma mjini, makao makuu ya nchi, palikuwa peupe. Wizara zenyewe zilizokuwa huku barua zao bado zilikuwa Dar es Salaam. Halafu juu kidogo, Haneti, pini zilikuwa zimebanana mpaka nyingine zikawa zinaanguka na kumchoma mhudumu wa chai.

Siku moja faksi ikaanza kutoa ulimi. Nilisoma maneno yakitoka mstari kwa mstari: "Ofisi ya Dodoma haina hata mteja mmoja. Wateja wote wako Haneti. Ninakuja Ijumaa kuiona Haneti, tuhamishie ofisi huko na kuajiri mwenyeji. Jiandae kukabidhi."

Jiandae kukabidhi. Nilikaa juu ya boksi la karatasi. Nikampigia Bwana Kimaro, nikamwambia Haneti ni kijiji, mkuu, hakuna hata umeme. Akanijibu, "Mwajuma, ramani haidanganyi." Ningemwambia nini? Kuandika anwani isiyo ya mteja lilikuwa kosa la kufukuzwa, limeandikwa kwenye mkataba wangu kwa herufi nzito. Nikinyamaza, ofisi inahamishwa na mimi naachwa. Nikisema, naachwa vile vile, tena kwa aibu. Nililia kidogo, nikaifunika kompyuta kanga, nikapanda basi la Kondoa.

Hapa lazima niungame upumbavu wangu. Nilikwenda Haneti nikiwa nimepakata kompyuta. Mpango wangu ulikuwa kuiweka kwenye ofisi ya Mwalimu Ndahani juu ya kitambaa cha kufuma, ili Bwana Kimaro akifika aone kwamba hata Haneti kuna mtandao, na mimi ndiye niliyeuleta, na ofisi inaweza kubaki Dodoma ikiwa na tawi huku. Tangu Dodoma mpaka Haneti abiria mwenzangu alikuwa ananiuliza kama mgonjwa anatapika.

"Mbukwenyi," nilimwamkia Mwalimu kwa Kigogo changu cha kuombea maji. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti wa Busi. Hiyo luninga ya nini?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza akiwa anachonga penseli za darasa la kwanza, moja baada ya nyingine, na hakuinua macho. Nilipomaliza akauliza, "Na hapa utaichomeka wapi?"

Nikatazama ukuta. Kulikuwa na picha ya rais, ratiba, na mjusi.

"Irudishe ndani ya kanga," akasema. "Huyo mkubwa anakuja kutafuta watu. Tutamwonyesha watu."

"Akijua nimeandika anwani za kwako atanifukuza, Mwalimu. Nina watoto."

"Najua una watoto. Mimi ninao hapa mia kadhaa. Nenda kalale kwa mke wangu, kesho uje umefunga kilemba vizuri."

Bwana Kimaro alifika Ijumaa mchana kwa gari jeupe ambalo lilikuwa limeacha kuwa jeupe tangu Dodoma. Alishuka na ramani yake imekunjwa chini ya kwapa, na kopo la pini. Akatazama kushoto, akaona mtama. Akatazama kulia, akaona punda. Akaniuliza, "Mjini ni wapi?"

"Ndiyo hapa, mkuu."

"Kituo cha kompyuta?"

Mwalimu Ndahani akaja na soda ya moto, akamkaribisha, akamwonyesha kituo: mlango mdogo wa chuma, ukubwa wa daftari, kati ya milango mingine midogo ya chuma. Bwana Kimaro aliinama, akachungulia ndani. Mlikuwa na bahasha mbili na buibui.

Akageuka kunitazama. Nilimwona akihesabu moyoni pini zote alizozichomeka kwa mkono wake mwenyewe. "Mwajuma," akasema taratibu, "hawa wateja ni wa kweli au umewatunga?"

Kabla sijafungua mdomo, kengele ikalia.

Watoto walitoka wakajipanga uwanja wa mpira. Mwalimu Ndahani akapanda jiwe lake. Akatangaza kwamba leo hakuna barua, leo kuna kazi ya jiografia. Goli la kusini ni Dodoma mjini. Goli la kaskazini ni Kondoa. Vyoo ni Mpwapwa. Pale ng'ombe walipo ni Singida. Mduara wa katikati ni Haneti, hapo asimame mgeni wetu. "Nikisoma jina," akasema, "anayempelekea mwenye jina hilo barua aitike, aseme mwenyewe ni nani, halafu akasimame anakoishi mtu huyo."

Akaanza. Mashine ya alizeti? "Mama Sabina wa Busi, Mwalimu. Juzi alikuwa anapepeta." Mtoto akakimbia kaskazini. Zabibu? "Mzee wa Miyuji, Mwalimu, ana mguu mbaya." Kusini. Saluni, kusini. Kwaya zote mbili, kusini, zikasimama mbali mbali kama zilivyo maishani. Sechelela akasema kwa sauti ya juu kwamba yeye ni ofisa wa wizara, na akatembea mpaka golini mikono imefungwa nyuma.

"Bwanashauri?"

"Yupo, Mwalimu," akaitika mtoto mmoja kutoka nyuma. "Ila yuko malishoni."

Bwana Kimaro alifungua kopo la pini. Akatandaza ramani chini, akapiga magoti na suruali yake iliyonyooka, akaanza kuzitoa koponi zile pini za Haneti moja moja na kuzichomeka anapokimbilia mtoto. Lilipoisha lile zoezi goli la kusini lilikuwa limejaa hadi watoto wanasukumana, na huko Kondoa wengine wamekaa chini. Katikati ya uwanja, Haneti yenyewe, alibaki yeye peke yake na ramani. Hakukuwa na mtu wa Haneti hata mmoja aliyesajili jina.

Akainuka akijipangusa magoti. "Kwa hiyo umeandika anwani za uongo, karani wangu."

Mwalimu Ndahani ndiye aliyemjibu. "Bwana mkubwa, uongo ni barua isiyofika. Katika hawa wote, kuna barua yako hata moja ambayo haikurudi na sahihi?"

Bwana Kimaro alifikiri. Nilimwona anafikiri kwa haki, na ndiyo maana mpaka leo simsemi vibaya. Akasema hapana, hata moja, na kwamba Dar es Salaam kwenyewe wanaojibu ni wa kubahatisha. Lakini akasema pia kwamba rejista inasoma sanduku na haisomi watoto. "Siwezi kurudi na kusema nimeona goli limejaa. Nipe jina moja tu lenye sanduku la Dodoma, niandike kwamba ofisi ina mteja. Hata moja. Nalitaka sasa hivi."

Nilitazama huku na huku. Wenye majina wote walikuwa mbali, kila mmoja kwake, na watoto hawawezi kutia sahihi. Gari lilikuwa limeshawashwa. Nikaikumbuka ile soda ya siku ya kupunguzwa.

Mwalimu Ndahani akaninyooshea mkono. "Lete fomu."

Aliijaza juu ya goti lake kwa penseli aliyoichonga jana, kisha akapitia juu kwa kalamu ya wino, kama alivyofundisha wengine. Jina la mtandao: la kwake mwenyewe. Alipofika mahali pa anwani nilisogea kuona, maana sanduku lile lilikuwa fahari yake, alikuwa analala na ufunguo wake shingoni. Akaandika sanduku la ofisi yangu, Dodoma.

"Mwalimu," nikasema, "lakini wewe una la kwako."

"La kwangu limejaa," akasema. "Jaza na wewe la kwako."

Bwana Kimaro akachukua pini ya mwisho, akaichomeka Dodoma mjini. Ofisi ikabaki, na mimi nikabaki nayo mpaka nilipozeeka. Kwa hiyo, mnaona, mtu pekee wa Haneti kwenye ramani ile ndiye aliyekuwa hayupo Haneti.

Nawaachia ushauri mmoja wa kazi, huo mmoja tu, maana mingine imeshapitwa na simu zenu. Mnapochora ramani ya watu, msimuulize mtu barua zake zinalala wapi. Muulizeni yeye analala wapi.

Haya yote nilimsimulia Rehema juzi, naye akawa anacheka mpaka anajifuta machozi na ncha ya kanga yangu. Alipotulia, akakuza ile ramani yake, akaniuliza kama jina la Mwalimu bado lipo. Lipo. Kila mwaka namjibia mimi, kwa sababu ujumbe unakuja kwangu, na nililichukua sanduku la ofisi nilipostaafu. Akalifungua. Tovuti yenyewe ina mstari mmoja tu, alionitajia Mwalimu mwaka ule na hakutaka kuongeza: "Barua zenu zimefika. Njooni Ijumaa." Na nukta yake ikawa pale pale, Dodoma mjini, nyekundu, imenilinda miaka yote hiyo.

"Bibi," Rehema akauliza, "sasa yeye analala wapi?"

Nikamwambia analala Haneti, nyuma ya uwanja wa mpira, karibu na goli la Kondoa. Tulimzika mwaka wa mvua nyingi, na watoto waliitika majina yao mmoja mmoja.

"Basi naihamisha?"

Ofisi ilishafungwa, mimi nimestaafu, na hakuna tena mtu duniani anayeweza kunipunguza. Nikamwambia ahamishe. Nukta ikapanda kaskazini kidogo, ikatua Haneti, ikakaa pale peke yake. Nikaifunika kompyuta ya Rehema kwa kanga, tukaenda kula.